Papa kaing'ata kayaki ya Faridi

*Faridi:* Jamani niko salama, nimeshafika nchi kavu. Papa ameing'ata kayaki yangu kwa nyuma. [picha]

*Shangazi Zuhura:* Ya Rabi! Umeumia wapi?

*Faridi:* Sijaguswa shangazi. Kitu kilinisukuma kutoka chini, nikadhani mwamba. Mara nyuma kukazama, maji yakanifika kiunoni. Akaachia, akazunguka, akaenda zake.

*Asha:* Nimeikuza picha. Alama za meno zimekaa nusu duara, na plastiki imechanika pembeni. Pole kaka.

*Mjomba Salim:* Pole sana mwanangu. Mara nyingi papa anapofanya hivyo anaonja tu. Hana mikono, asichokijua anakipima kwa mdomo. Kulikuwa na damu ya samaki karibu?

*Faridi:* Shikamoo mjomba. Kuna mashua pale, walikuwa wanapaa samaki na matumbo yote wanatupa majini.

*Mjomba Salim:* Marahaba. Basi ni hayo matumbo. Ukiona hivyo geuza, piga kafi taratibu uondoke, usichapechape maji. Akikufuata mgeukie, usimpe mgongo. Akija kabisa, mpige kwa kafi: machoni, matamvuani, puani.

*Asha:* Mimi huwaza nyangumi. Mwaka 2025 kule Chile, Mlangobahari wa Magellan, mmoja alimfunga kijana mdomoni pamoja na kiboti chake, akamtema baada ya sekunde chache. Baba yake alikuwa anarekodi!

*Mjomba Salim:* Aina ile koo lake jembamba, hawezi kummeza mtu. Inavyoelekea alikuwa anakula, kijana akawa njiani. Hatari yake ni uzito. Samaki wadogo wakirukaruka na ndege wakipiga mbizi sehemu moja, usipakaribie.

*Shangazi Zuhura:* Na wenye watoto je?

*Mjomba Salim:* Hao ndio wa kuogopa zaidi, Zuhura. Sili, pomboo, yeyote. Ukijikuta kati ya mama na mtoto, toka haraka.

*Asha:* Hata wanaolishwa na watu. Wakizoea chakula cha mkononi wanavamia vyombo.

*Faridi:* Mjomba, ile mashua bado ipo. Kuna watoto wanaogelea upande huohuo.

*Mjomba Salim:* Nenda sasa hivi! Waite watoke, na mwambie mlinzi wa ufuo.

*Shangazi Zuhura:* Usiingie majini wewe!

*Faridi:* Wametoka wote. Mlinzi amepandisha bendera, na mashua imeshang'oa nanga.