Nimealikwa visahani vya Kikorea kwenye mgahawa wa siku tatu: nile nini, na nitashiba?

BintiTanga_LA
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Huu mwaka wangu wa tano Los Angeles. Koreatown naipita kila siku: nashuka treni Wilshire/Vermont kungoja basi, moshi wa nyama unanikuta hapohapo kituoni, lakini mlango wa Mkorea sijawahi kuufungua. Jumamosi hii mwenzangu wa kazini anatimiza miaka 40, katualika watu sita kwenye kitu wanakiita popapu. Mpishi hana mgahawa wake. Kaazima mkahawa wa watu unaofungwa alasiri, anapika usiku tatu, kisha anakunja jamvi. Chakula ni cha Kikorea kilichochanganywa na cha huku, visahani vidogo vya kushea. Tumeshalipa, dola 85 kwa kichwa, vinywaji mbali. Kwa hela hiyo kwetu nalisha hitima!

Menyu ina visahani nane. Nimetambua kimoja tu: firigisi.

Mimi Muislamu, kitimoto na pombe sigusi. Niulize nini kabla sijatia kitu mdomoni? Na mkiwa sita, kisahani chenye vipande saba mnagawanaje bila kutazamana vibaya? La mwisho msinicheke: nile kabisa nyumbani?

Mzee_wa_Daegu
Marahaba mwanangu. Nilisoma Daegu, Korea Kusini, miaka mitatu, hiyo firigisi usiiache. Kule soko la Pyeonghwa kuna kichochoro kizima wanakaanga firigisi.

Nguruwe anayeonekana hana shida, samgyeopsal, nyama ya tumbo lake, inajitangaza yenyewe, mafuta matupu. Shida ni aliyejificha. Ukiona budae jjigae, pita mbali. Mchuzi huo ulizaliwa baada ya vita vya 1950 hadi 1953, watu wana njaa, wanapata soseji na nyama za kopo kutoka kambi za Wamarekani upande wa Uijeongbu, wanazichemsha na kimchi. (Kwa hiyo huo mchanganyiko haukuanzia California.) Mandu nazo, chukulia ni sambusa za kuchemsha au za mvuke, mara nyingi ndani zina kitimoto. Upande wa pombe, uliza nyama imelowekwa na nini, maana wapishi wengi hutia soju, pombe kali ya Kikorea, au mvinyo wa mchele kukata shombo. Hata gochujang, ile rojo nyekundu ya pilipili, za dukani nyingi zinaongezwa alkoholi zisiharibike. Mwandikie mpishi leo, usingoje umeshakaa mezani.

Vijiti usivisimike kwenye wali, ndivyo wanavyowawekea marehemu. Na mkubwa akikumiminia kinywaji, pokea kwa mikono miwili. Hilo mtu wa Tanga hafundishwi.

Upawa_Nyali
Dada, kimchi isikutishe kwa harufu. Mimi naitengeneza hapa Mombasa: kabichi ya Kichina, chumvi, pilipili ya unga, saumu, tangawizi, na uduvi. Ndiyo, uduvi! Wao wanautumia wa kuvundika kwa chumvi, mimi natia huu mkavu wa sokoni, si sawasawa lakini inakubali. Kwa joto letu siku mbili tu inatoa povu. Mara ya kwanza nilikaza kifuniko, siku ya tatu nikakikuta chini ya meza.

Kinachonikera ni hizo dola 85. Kwenye mkahawa wa Kikorea wa kawaida, visahani vya pembeni, banchan, havina bei. Kikiisha kinajazwa, hata hujaomba. Sasa hawa wa popapu wamechukua kilichokuwa cha bure wakakipangia foleni. Kula nyumbani, dada.

Dereva_wa_405
Upawa unamwonea mpishi. Kodi ya jiji hili unaijua wewe? Watu huanza na chochote. Mpishi Roy Choi na wenzake walianza na gari la chakula mwaka 2008, Kogi, mbavu za ng'ombe za Kikorea ndani ya taco ya Kimeksiko (msicheke, ni chapati ndogo ya mahindi), watu wakilifuatilia Twitter liko mtaa gani usiku huu. BintiTanga, hakikisha kama bakshishi imo ndani ya 85. Mara nyingi haimo.

BintiTanga_LA
Nimerudi. Bakshishi haikuwemo.

Mpishi nilimwandikia Alhamisi, akajibu usiku uleule. Budae jjigae ilikuwepo, akanitolea. Mandu alikuwa nazo za uyoga. Nyama hakuitia soju, ila rojo yake ni ya dukani na alkoholi imeandikwa kwenye kibandiko, basi sahani zangu akazipika kwa pilipili ya unga, saumu na mafuta ya ufuta. Kimchi ina uduvi, Upawa hongera. Nimeanza kumsamehe hizo 85, ingawa saa tano usiku nilikuwa jikoni kwangu nasonga ugali.

Firigisi zilikuja kisahani cha sita. Sahani nyeusi, zimekatwa nyembamba, zimekaangwa na saumu nzimanzima na pilipili mbichi, pembeni kipande cha ndimu. Tulizihesabu: tisa. Mwenye siku yake akatafuna kimoja, macho yakamtoka, akakitemea kwenye kitambaa. Wengine wakarudisha vijiti. Kugawana kukaishia hapo, kisahani kikasogezwa mbele yangu. Vijiti vyenyewe vya chuma, vinateleza kama kambare, kipande kimoja kikanirukia chini. Saba nikavila mwenyewe, polepole.

Nyumbani firigisi ni ya baba. Nimekua nikiiona inapita juu ya kichwa changu kwenda kwenye sahani yake, kila sikukuu. Nikampigia picha kile kisahani, nikamtumia palepale mezani. Kwao kulikuwa kumeshakucha. Akajibu neno moja: "Zangu."