Mjadala: Mwanafunzi wa unesi afundishwe utafiti, ama hiyo ni anasa?

Wadau, hii hoja naiskia sana hapa Nairobi, hata kwa walimu, ati kumfundisha mwanafunzi wa unesi kufuata ushahidi wa utafiti ni kupoteza muda, wodi imejaa, glavu zinaisha mapema, kwanza ajue kudunga sindano na kuweka dripu. Nakataa.

Tuchukue hiyo dripu. Miaka mingi mtoto akiletwa na homa kali, mikono baridi, damu haizunguki vizuri, iliaminika umwage maji kwa mshipa haraka haraka. 2011 ukatoka utafiti unaitwa FEAST, watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwemo (wa kuhara hawakuwemo, msichanganye), na waliowekewa maji kwa kasi ndio walikufa wengi zaidi, ndani ya saa 48 karibu 11 kwa kila 100, wenzao ambao hawakumwagiwa hivyo 7. Uzoefu peke yake ungeona hiyo wapi? Mtoto akifa watu husema aliletwa amechelewa, basi.

Na msiniambie ushahidi ni vitu vya bei. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, Kenya ikiwa ndani, mama akishajifungua anawekewa plastiki yenye mistari ya kupima damu, ikifika kiwango anapewa matibabu yote kwa mpigo, si moja halafu mnangoja. Kutokwa damu kupindukia na madhara yake kukashuka kwa 60%. Wodi zingine zilikuwa zinakadiria kwa macho, na damu nusu imeingia kwa shuka na pamba!

Penye nakubaliana na wapinzani ni vile inafundishwa. Lecha anamwaga takwimu, mwanafunzi anachapisha projekti saiba, inafungwa vizuri inawekwa kabatini, halafu akienda wodini akiuliza kwa nini tunafanya hivi anaambiwa hapa ndio tunafanyanga hivyo, na hao wanaomjibu ndio wanamjazia fomu ya alama, so ananyamaza.

Mimi naona ile projekti ya diploma iondolewe. Kikundi kichukue swali moja kutoka wodini, watafute majibu pamoja na sista inchaji mwenyewe, wasomee wenzao wakati wa kupokezana zamu, na manesi walioko kazini wahesabiwe hayo masaa kama mafunzo ya kuhuisha leseni. Anayepinga aseme, mwanafunzi akiona kitu kimepitwa na wakati kinafanyiwa mgonjwa, aende kwa nani bila kuchomewa alama?