Fizikia tupu au ualimu wa fizikia? Dirisha la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) la kuomba chuo linakaribia kufungwa

Mjomba wa Masasi: Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, anataka kuwa mwanafizikia. Mlipaji ni mimi, na hela yenyewe ya korosho, kwa hiyo hakuna kujaribu mara mbili. Digrii ya fizikia au digrii ya elimu yenye fizikia? Zote miaka 3.

Nangurukuru77: Kasoma kombi gani? Kapata nini? Bodi ya Mikopo ameomba? Umetuficha yote halafu unataka jibu.

Ticha Newala: Ualimu, bila kupepesa macho. Mimi nilisoma fizikia tupu. Nikarudi Mtwara kifua mbele, gesi ndiyo habari ya mjini. Kampuni moja ikaniita kwenye usaili, swali la kwanza: namba yako ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Nikasema mimi mwanafizikia. Mzee mmoja akacheka mpaka akavua miwani. Bodi ile ni ya wahandisi, digrii yangu haiingii. Miaka 2 nikawa napulizia mikorosho ya baba salfa, dawa ya ukungu. Mwisho nikarudi chuo, stashahada ya uzamili ya elimu, ndiyo nikapata chaki.

Mionzi_Lindi: Pole ticha, ila ulisimama njiani. Digrii ya kwanza haimfanyi mtu mwanafizikia. Utafiti unataka uzamili, kisha uzamivu, na kuandika programu, Python angalau. Aende fizikia ya tiba. Mashine za mionzi za saratani, kama pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, haziendi bila mtu wa kupima dozi.

Ticha Newala: Na hiyo nayo ni uzamili, juu yake mafunzo hospitalini miaka 2 chini ya msimamizi, ndivyo IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, linavyopendekeza. Atalipa nani, mjomba?

Mjomba wa Masasi: Samahani, nilisahau. Ni PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Fizikia D, hisabati alisoma BAM, ile ndogo ya wasio na kombi ya hisabati.

Nangurukuru77: PCB! Hilo ndilo la kuanza nalo. Fizikia ya chuo mwaka wa 1 ni hisabati mwanzo mwisho. Fungua mwongozo wa TCU, soma sifa za kila kozi kabla hujalipia chochote.

Bibi Korosho: Si asome radiografia tu?

Mionzi_Lindi: Mama, radiografa anapiga picha. Mwanafizikia anahakikisha mashine haimuunguzi mgonjwa. Kazi mbili hizo.

Bibi Korosho: Haya baba. Ticha, huko Newala salfa ya ruzuku imeshafika? Huku kwetu tunaambiwa kesho kila siku.

Ticha Newala: Imefika, ila ya maji. Ya unga bado.