Ushauri: mandharinyuma ibadilike taratibu kwenye animesheni ya hemoglobini (PyMOL, programu ya kuchora molekuli)

Mleta mada, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Naandaa somo la selimundu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nimechukua faili 2HBS kutoka Protein Data Bank (hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini), ile hemoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni. Molekuli nzima inazunguka kwenye mandharinyuma nyeusi, kisha kamera inasogea hadi asidi amino ya valini ya nafasi ya 6 kwenye mnyororo wa beta, ile iliyokalia nafasi ya asidi ya glutamiki. Hapo nataka mandharinyuma iwe nyeupe, lebo zisomeke.

Tatizo inageuka ghafla. Ukumbi una giza, mara mwanga mkali, watu wanafumba macho palepale penye kiini cha somo. Nifanyeje iende taratibu? Laptop yangu ni ya kawaida, RAM 8.

Kemia_Tengeru
Pole mkuu. Amri ya bg_color inaweka rangi papo hapo, hatua za katikati inabidi uzitengeneze mwenyewe. Tumia bg_rgb, inapokea namba tatu kati ya 0 na 1 (nyekundu, kijani, bluu), halafu amri ya mdo iipe kila fremu namba zake. Kwa fremu 30 kwa sekunde, mpito wa sekunde 2 ni fremu 60. Andika kitanzi kifupi cha Python, usizijaze kwa mkono.

Ila usigawe hatua sawasawa, maana mwanzo na mwisho wa mpito vitaonekana kama vimekatwa. Chukua t kutoka 0 hadi 1, rangi iwe 3t² − 2t³. Robo ya safari unakuwa umefika 0.16 tu, katikati inakimbia, mwishoni inatulia yenyewe. Jicho halishtuki.

Dada_wa_Slaidi
Naongezea hapo kwa Kemia. Angalia lebo: zikiwa nyeupe zitamezwa kabla mpito haujaisha. Zizime kwanza, mpito ukimalizika washa nyeusi.

Cha pili, wengi hawakijui: ule ukungu unaofifisha atomi za nyuma hufuata rangi ya mandharinyuma. Ukihamia nyeupe, nusu ya nyuma ya protini nayo inapauka, mwanafunzi anadhani molekuli yenyewe imebadilika. Kwenye somo la mabadiliko ya asidi amino moja, hilo ni jambo zito. Zima depth_cue kabla ya kuanza. Na kamera isimame kabisa rangi inapobadilika, vitu viwili visitembee kwa pamoja. Mimi nisingefika 1 kamili, yaani nyeupe tupu, 0.9 inatosha kwa ukumbi wa giza.

Fundi_Video_Arusha
Kuna njia nyingine, na kwa laptop hiyo naipendelea. Weka ray_opaque_background kuwa 0 na ray_trace_frames kuwa 1, toa fremu kama picha za PNG kwa amri ya mpng, zitatoka bila mandharinyuma. Rangi unaipitisha chini yake kwenye programu ya kuhariri video. Mkuu wa idara akitaka bluu badala ya nyeupe, hurudii kuchora protini usiku kucha. Na umeme ukikatika, picha zilizokwisha toka zipo, unaendelea na fremu iliyofuata, kwa sababu mpng inakubali uitajie fremu ya kuanzia na ya kuishia.

Angalizo: unganisha kila kitu kabla ya kupeleka PowerPoint. MP4 ya H.264 haibebi uwazi. Ukitumia ffmpeg (programu ya kuunganisha picha kuwa video), chagua mpangilio wa rangi wa yuv420p, la sivyo video inaweza kugoma kwenye kompyuta ya ukumbini.

Mleta mada
Asanteni sana, nimechukua njia ya Fundi na hesabu ya Kemia. Swali moja: baada ya hapo naonyesha valini ikiingia kwenye mfuko wa molekuli jirani, kati ya asidi amino mbili, Phe 85 (fenilalanini) na Leu 88 (leusini). Nirudi kwenye nyeusi?

Dada_wa_Slaidi
Hapana, baki kwenye mwanga. Valini na mfuko ni hoja moja, ukibadilisha rangi katikati unamwambia mwanafunzi kwamba hoja imekwisha. Rudi nyeusi ukivuta kamera nyuma kuonyesha molekuli zikijipanga kuwa nyuzi, kwa sababu hapo unatoka kwenye asidi amino moja kwenda kwenye seli nzima inayopinda. Mpito wa pili uwe mrefu kidogo, sekunde 3, na upitishe kwenye projekta ya ukumbi huohuo kabla ya siku yenyewe. Kijivu cha katikati kinachoonekana safi kwenye laptop huko mara nyingi hutoka na mistari.