Naomba ushauri: faili za bodi ya chaja ya sola kabla ya kuzituma kiwandani

Mwanamashua, Lamu
Assalam aleikum waungwana. Nimechora kwa KiCad, programu ya kuchora bodi za saketi, bodi ya kudhibiti chaji ya sola, volti 12, ampea 10, ya kufungwa kwenye mashua. Tabaka mbili, unene milimita 1.6, shaba wakia 1. Kiwanda kitapachika vipande vidogo vya juu. Viunganishi vya nyaya nitachomea mwenyewe. Njia ya shaba ya mkondo mkubwa ina upana wa milimita 2, kapasita ya upande wa paneli ni ya volti 25. Ukaguzi wa programu umepita bila kosa. Nataka bodi 50. Nitume faili gani, na nikague nini kabla ya kulipa?

Fundi_Langoni
Waaleikum salaam ndugu yangu. Usilipe bado. Programu hupima nafasi baina ya njia na njia. Haijui kama hapo panapita ampea 10. Kwa milimita 2 na shaba ya wakia 1, yaani mikroni 35, njia itapanda joto karibu nyuzi 80 juu ya hewa iliyomo kwenye kasha. Ukitaka ipande nyuzi 10 tu, upana uwe kama milimita 7, au nusu yake ukilipia wakia 2. Afadhali ujaze eneo zima shaba. Na mkondo ukishuka tabaka la chini, usiupitishe kwenye kitundu kimoja. Panga kumi au zaidi.

Kapasita nayo ibadilishe. Paneli ya "volti 12" yenye seli 36, ikiwa haina mzigo, hutoa volti 21 hadi 22. Hiyo ya 25 inakaa ukingoni. Weka ya 50.

Saketi_Malindi
Nami niongeze upande wa faili. Kwenye KiCad bonyeza B ujaze upya maeneo ya shaba, halafu kagua tena. Ukisogeza kipande dakika za mwisho bila kujaza upya, shaba ya zamani yaweza kugusa pedi mpya (kidoa cha shaba cha kuchomea mguu wa kipande), na kiwanda kitaichapa hivyo hivyo.

Toa Gerber, yaani faili za mchoro wa kila tabaka ambazo kiwanda husoma (F ni juu, B ni chini): shaba F.Cu na B.Cu, rangi ya kinga F.Mask na B.Mask, maandishi F.Silkscreen na B.Silkscreen, na ukingo wa bodi Edge.Cuts, pamoja na F.Paste ya uji wa solda. Kisha faili za mashimo, za muundo uitwao Excellon, kwa milimita. Gerber, mashimo na faili ya mahali pa vipande vyote vitumie chanzo kimoja cha vipimo, la sivyo mashimo yatahama kando ya pedi. Mstari wa Edge.Cuts ufunge kabisa. Pengo dogo tu na oda inasimamishwa. Shaba ikae angalau milimita 0.5 kutoka ukingoni.

Ukishafunga zipu, ifungue upya kwa GerbView, kitazamio cha Gerber kilichomo KiCad, na utazame tabaka moja moja. Kinachotengenezwa ni kilichomo kwenye zipu, si mchoro ulio kwenye skrini yako.

Orodha ya vipande isiseme "C4, 10uF" peke yake. Andika volti, ukubwa wa kasha kama 0805, na namba ya mtengenezaji.

Mwanamashua, Lamu
Shukrani sana wakubwa zangu. Je, diodi zikipachikwa kinyume? Na chumvi ya bahari, nichukue pedi za dhahabu?

Saketi_Malindi
Pembe za kugeuza kipande hutofautiana baina ya programu na kiwanda, kwa hiyo diodi na IC (chipu) ndizo hugeuka. Chora alama ya kathodi, upande hasi wa diodi, na nukta ya mguu wa kwanza wa IC nje ya mwili wa kipande, zionekane hata kikishakaa. Kiwanda kikikuletea picha ya upachikaji, linganisha kipande kwa kipande kabla ya kuidhinisha. Na uanze na bodi 5, kaka, si 50.

Fundi_Langoni
Dhahabu juu ya nikeli ni nzuri kwa pedi ndogo kwa sababu uso wake ni bapa, lakini haizuii chumvi kula miguu ya vipande. Kinachozuia ni kupaka vanishi ya akriliki baada ya kuchomea. Kwanza safisha mabaki ya flaksi, dawa ya kuchomea, kwa alkoholi ya isopropili na ukaushe vizuri. Ukipaka juu ya uchafu au unyevu, unaufungia ndani. Viunganishi vizibe kwa tepu kabla ya kupuliza. Vanishi ikiingia kwenye skrubu, waya hautashika vizuri na kiungo kitachemka.