Land Rover 109 pikapu: pawa stelingi ya umeme ya Vitz au ya mafuta ya Defender?

PikapuYaShamba

Wakuu, habari za kazi. Kuna Land Rover 109 Series III pikapu, usukani kulia, injini ni ile ile ya petroli 2.25, tairi 7.50-16. Alteneta ni Lucas 16ACR iliyokuja nayo. Stelingi ni nzito mno, hasa kwenye kuegesha na kugeuza uani. Fundi mmoja anataka kufunga kolamu ya umeme ya Toyota Vitz, yaani mhimili wa usukani wenye mota yake. Mwingine anasema hiyo ni michezo ya watoto, tufunge boksi la stelingi la mafuta la Land Rover Defender pamoja na pampu.

Naomba kujua: kolamu ya Vitz inaweza kweli kugeuza 109? Inahitaji nini upande wa umeme? Na kwenye kukata na kuunganisha mhimili wa stelingi, hatari iko wapi?

ChesisiKavu

Mkuu, kabla hujaenda Gerezani (kule Dar kwenye spea za magari), piga jeki mbele tairi zote mbili ziwe hewani, halafu zungusha usukani. 109 nzima inatakiwa kuwa nyepesi kabisa hapo. Ikiwa bado nzito wakati tairi hazigusi chini, ugonjwa wako si uzito wa gari, ni msuguano, na pawa stelingi itauficha tu mpaka kitu kivunjike.

Utafute kipande kwa kipande. Fungua tairodi ya fimbo inayotoka kwenye rilei kwenda tairini. Geuza tairi kwa mikono: zikiwa ngumu, tatizo ni kingpini, zile pini ambazo tairi za mbele hugeukia. Zikiwa laini, zungusha usukani peke yake. Kama bado mgumu, fungua na fimbo ndefu inayotoka kwenye boksi, hapo utajua ni boksi au ni rilei.

Mara nyingi ni rilei. Nasema ile ya chuma iliyosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, si ya umeme. Ndani ina bushi za koni zinazobanwa na springi kali, na inaishi kwenye oili ya EP90. Watu hawaijazi kwa sababu haina mdomo wa kujazia unaoonekana. Njia ni hii: kifuniko cha juu kina bolti nne, ondoa mbili zinazotazamana, moja ya kuingizia oili na nyingine ya kutolea hewa. Mimina taratibu kwa sindano kubwa au kopo la mdomo mwembamba mpaka oili itokee upande wa pili. Kama imekauka miaka mingi, jaza, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa, jaza tena. Kama oili yote inatoka chini usiku mmoja, sili imekufa.

Ikibidi kuifungua, angalia: springi ile imebanwa vibaya sana. Ukitoa bushi bila kuizuia, inaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono au kutoa jicho. Ifunge ndani ya gunia zito au bomba kabla ya kugusa klipu.

Kingpini nazo zina jambo lake. Uzito wake hupangwa kwa shimu (vibati vyembamba) chini ya pini ya juu: ukipunguza shimu inakaza, ukiongeza inalegea. Kuna mafundi huongeza shimu ili stelingi iwe nyepesi. Inakuwa nyepesi kweli, halafu ukifika spidi kidogo na kukanyaga shimo, tairi za mbele zinaanza kupigapiga kushoto kulia hadi gari linasimama. Ule ugumu kidogo umewekwa makusudi, ndio unaotuliza tairi. Pima kwa mizani ya springi kwenye mkono wa stelingi kufuata kitabu cha matengenezo, usikisie kwa mkono.

Mwisho, alaimenti. Series inataka tairi za mbele zibane ndani milimita 1.2 hadi 2.4, na kasta (mlalo wa kingpini kuelekea nyuma) digrii 3. Gari likishabadilishiwa springi za kuinua, kasta haiko tena pale ilipokuwa. Na tairi pana za matope zenye upepo mdogo ni nzito kwa asili, hilo halina dawa.

Vyote hivi vikiwa sawa na bado unataka pawa, sasa endelea na wenye umeme hapo chini.

WayaNyekundu

Naunga mkono yote ya juu, hasa kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: kolamu ya umeme inasukuma kutoka juu. Nguvu yote ya mota inapita kwenye boksi lako la zamani, rilei, fimbo na tairodi. Kama boksi lina mchezo (limelegea ndani) leo, mota italimaliza.

Swali la kwanza: inaweza? Inaweza. Kolamu ya Vitz ya kwanza (1999 hadi 2005) au ya pili (2005 hadi 2010) inafanya 109 igeuke vizuri gari likiwa linatembea hata mwendo wa kinyonga. Likiwa limesimama kabisa juu ya lami bado utasikia uzito, usitegemee kuzungusha kwa kidole. Kolamu ya Prius ya 2003 hadi 2009 ina nguvu zaidi, ukiipata nzima chukua hiyo.

Ukinunua chakavu, usikubali kolamu peke yake. Chukua kolamu na mota yake, kontrol boksi (kompyuta ya kuendesha mota) ya gari lile lile, plagi zote zikiwa na waya angalau sentimita 30, na mhimili mfupi wa chini wenye krosi (kiungo kinachopinda). Kontrol boksi ndiyo inayokumbuka sifuri ya sensa ya nguvu iliyo ndani ya kolamu. Ukichanganya kolamu ya gari moja na kontrol boksi ya jingine, usukani unaweza kuvuta upande mmoja wenyewe. Ikitokea hivyo, sifuri inapangwa upya kwa mashine ya kusomea. Usiguse usukani wakati inasoma.

Upande wa umeme:

Gari lazima liwe hasi kwenye bodi, yaani waya hasi wa betri ndio ufungwe kwenye bodi. Series III iko sawa, lakini anayesoma hapa akiwa na Series II ya zamani yenye dainamo aangalie, nyingi zilikuwa chanya kwenye bodi, na kontrol boksi itaungua papo hapo.

Alteneta yako 16ACR inatoa ampea 34 ikiwa mpya. Mota ya kolamu ukigeuza gari limesimama inaweza kupita ampea 40. Betri inafidia kwa sekunde chache, lakini ukiegesha usiku taa zikiwaka, volti zinashuka, na kontrol boksi ikiona volti ndogo inajizima. Usukani unakuwa mzito ghafla katikati ya kona. Weka alteneta ya ampea 70 au zaidi, na waya wake wa kuchajia uwe mnene unaolingana nayo.

Waya mkuu: milimita za mraba 10, moja kwa moja kutoka betri, fyuzi ya ampea 50 karibu na betri, si karibu na kolamu. Ardhi nayo iwe nene hivyo hivyo na irudi betrini. Usiifunge kwenye bodi ya 109, bodi ni aluminiamu na maungio yake yana kutu nyeupe. Waya mdogo wa swichi pitisha kwenye fyuzi ya ampea 10. Taa ya onyo usiiache, iweke dashibodini.

Kontrol boksi ya Toyota isipopata ishara ya spidi inaingia hali ya usalama: inatoa msaada mdogo usiobadilika, kana kwamba gari liko barabara kuu. Wengine wanaridhika na hapo. Ukitaka zaidi kuna njia mbili. Moja ni kufunga sensa ya mapigo kwenye kebo ya spidomita. Nyingine ni kutupa kontrol boksi ya Toyota na kutumia ya kununua yenye kitufe cha kuzungusha. Kwa ile ya kitufe onyo ni moja: ukiweka juu kwa ajili ya kuegesha ukasahau kurudisha, kwenye barabara kuu usukani hauna hisia na haurudi katikati wenyewe. Kasta ya digrii 3 si nyingi, haishindi mota.

Kabla ya kuwasha mota mara ya kwanza, pima sensa. Usukani haujaguswa, njia zote mbili za sensa zisome karibu volti 2.5. Zikitofautiana sana, rudisha kolamu dukani.

Kontrol boksi iweke juu, nyuma ya dashibodi, plagi zikitazama chini. Sote tunajua 109 mvua inanyesha ndani kuliko nje.

MchongaVyuma

Kuhusu mhimili. Kwenye 109 mhimili unatoka kwenye wamu (skrubu ya ndani) ya boksi hadi kwenye usukani kama kipande kimoja, kwa hiyo kukata kupo. Tafuta boksi na kolamu ya pili chakavu, ukate hiyo. Ya kwako ibaki nzima rafuni.

Usichomelee ncha kwa ncha. Hata weldi ikionekana nzuri, chuma kando yake kimebadilika na kitakatika siku utakayokuwa kwenye mteremko. Iliyo bora: tona (fundi wa mashine ya kukereza) achonge meno kwenye kipande kilichobaki ili krosi ivae na ibanwe kwa bolti inayopita kwenye mfereji wa mhimili, isichomoke hata ikilegea. Kama lazima uchomelee, tumia bomba la nje lisilo na mshono, ukuta milimita 4 au zaidi, liingie angalau milimita 40 kila upande, litobolewe matundu na kujazwa weldi, kisha lizungushiwe weldi pembeni zote. Kazi hii si ya fundi geti.

Krosi ziwe mbili, pembe ya kila moja isizidi digrii 30, na uma zake zikae mstari mmoja. Zikikaa vibaya utasikia usukani unakuwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi kila mzunguko. Watu hulaumu mota kumbe ni krosi.

Halafu braketi. Mota inaposukuma mhimili, mwili wa kolamu unataka kuzunguka kinyume. Bati la dashibodi la 109 halitahimili. Tengeneza braketi ya bati la milimita 4 inayoshika sehemu mbili na kufungwa kwenye chuma cha ukuta wa mbele. Pia ukikata bomba la nje la kolamu, boksi linabaki wazi juu: weka sili pale, la sivyo vumbi linaingia kwenye wamu.

OiliNyekundu

Nami niwatetee wa mafuta kidogo. Boksi la Defender linachukua mzigo lenyewe, rilei inatoka kabisa, umeme hauhusiki. Kwa 109 iliyowekewa injini ya dizeli ya 300Tdi ndiyo njia ya kwanza, pampu tayari iko mbele ya injini.

Kwa 2.25 ya petroli ni kazi nyingine: braketi ya pampu, puli, mkanda, na nafasi mbele ya rejeta. Na chesisi ya Series ni bati jembamba, kama milimita 2. Boksi ukilifunga kwa bolti tupu, chesisi inabonyea na bolti zinalegea kila wiki. Lazima mirija ya chuma ipite chesisi upande hadi upande na ichomelewe, na bati la kuimarisha juu yake. Fimbo ya stelingi ilale sambamba na ekseli. Ikiwa na mteremko, kila shimo linageuza usukani.

Oili ni ATF (ya gia za otomatiki) ya Dexron, si ya breki. Kutoa hewa: tairi hewani, injini imezimwa, zungusha mwisho hadi mwisho huku unajaza mpaka mapovu yaishe, ndipo uwashe. Ukiwasha kwanza, povu linaingia pampuni na itapiga kelele siku nzima.

Kwa hali yako, mkuu, ingawa roho inauma, ningeenda na kolamu ya umeme.

PikapuYaShamba

Shukrani sana wakuu. Nimepiga jeki: ni nzito hata hewani, na rilei ukiigusa ni kavu kabisa. Nitaanza hapo. Swali la mwisho: usukani nitumie ule mdogo wa Vitz?

WayaNyekundu

Hapana. Tona akuchongee adapta, urudishe ule mkubwa wa Land Rover. Siku fyuzi ikiungua unabaki na mikono yako tu, na usukani mdogo kwenye 109 bila msaada haugeuki. Na kwenye kuutoa wa Vitz dukani: una eabegi. Kama kolamu bado iko kwenye gari, betri ifunguliwe hasi, msubiri sekunde 90 ndipo mguse.

Ukimaliza, rekebisha bolti za kuzuia tairi ili tairi zigote kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani, maana mota haijui kuacha kusukuma. Kisha jaribu uwanjani, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, chomoa fyuzi ya ampea 10 huku mtu akiendesha. Kama hawezi kukata kona hapo, usilipeleke barabarani.

ChesisiKavu

Na ukishajaza rilei, subiri siku mbili kabla hujakata chochote. Huenda hutahitaji hiyo kolamu.