Mrejesho: rangi ya nje ya nyumba ya mzee, Tanga

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nipake rangi gani nyumba aliyotuachia marehemu baba, ya mwaka 1958, yenye paa bapa la zege na matofali ya matundu. Nilikuwa nang'ang'ania kijivu cha mkaa. Aliyenishauri nijaribu kwanza vipande ukutani, Mungu ambariki: saa nane mchana kile kijivu hakishikiki kwa moto! Nimepaka nyeupe ya maziwa karibu kuta zote, matundu kijani cha mwembe, mlango njano. Mama mdogo kauliza kama tumefungua duka. Kilichonichelewesha ni kukwangua chokaa ya zamani. Fundi alitaka kupaka juu yake, nikagoma. Upande wa baharini bado, nasubiri masika yapite.